Stima ya kubeba safarini: Yaliyotupata Mbita

Ilikuwa yapata saa tisa za usiku, karibu na ufuo wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, nilipozinduka usingizini nikatambua kwamba friji yetu ndogo imeacha kunguruma. Mke wangu alikuwa ameamka kabla yangu. Aliwasha tochi ya simu, akafungua kifuniko cha friji, akakisoma kipimajoto tulichokifunga ndani kwa uzi. Nyuzi 13. Friji hiyo haikuwa na soda wala nyama. Ilikuwa na chupa tatu za insulini ya binti yetu, zote hazijafunguliwa, na zilikuwa zimebaki siku 19 kabla ya sisi kurudi Nairobi.

Tangu wakati huo wenzangu kadhaa kazini, ambao nao wameingiwa na hamu ya kusafiri na kulala garini na watoto, wamenijia na swali lile lile: nikitaka kuwa na stima huko nisikokuwa na waya, ninunue nini? Kila mmoja nimemjibu kwa kumsimulia usiku ule, na leo nakusimulia wewe.

Gari lenyewe ni matatu ya zamani ya abiria 14. Shemeji yangu aliistaafisha baada ya kuhangaika nayo miaka mingi barabarani, akaniuzia kwa bei ya udugu. Tuling'oa viti, seremala wa jua kali akatuundia kitanda kipana, makabati mawili na meza ya kukunja, na mafuta ya kupikia yakapata mahali pa kukaa yasimwagike. Si gari la kifahari kama yale ya Wazungu wanaopita wakielekea Maasai Mara. Bado lina maandishi ya dini ubavuni, na kila tukisimama stendi kuna mtu anayeuliza tunaelekea wapi na nauli ni ngapi.

Mimi ni Mjaluo wa Nyatike, kaunti ya Migori. Mke wangu kwao ni Mbita. Huenda wewe ambaye si wa kwetu ukashangaa kwa nini mtu mwenye wazazi upande huu na wakwe upande ule ahitaji kulala garini. Ni mila, ndugu yangu. Mwana aliyekwisha kuoa halali katika nyumba ya mamake. Yampasa awe na simba yake humo bomani. Yangu iliangushwa na mvua nami sijaijenga upya, na nikiulizwa sababu huwa naanza kukohoa. Kwa wakwe ndiyo usiseme: mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Nazo hoteli, kwa watu watano na kwa wiki tatu, mfuko wa mwandishi wa magazeti hauziwezi. Mzee mmoja wa ukoo wa mke wangu aliuliza kama gari lililoegeshwa uani ni nyumba au si nyumba. Mjadala ulimaliza birika mbili za chai, ikaamuliwa tuegeshe nje ya ua, chini ya mwembe.

Ule mwembe, msomaji, uliponza jambo. Lakini kosa lenyewe tulikuwa tumelibeba kutoka Nairobi.

Niliingia katika duka moja jijini nikauliza, "Sola nzuri ni gani?" Muuzaji hakuniuliza naenda wapi wala nina kitu gani cha kuendesha. Alinitazama kama mtu anayekadiria uzito wa mbuzi, akanitolea paneli ya wati 100, betri ya asidi ya ampea-saa 70, na inveta ya wati 1000, yaani kile kifaa kinachoigeuza stima ya betri ya volti 12 iwe kama ile ya nyumbani ya volti 240. "Hii itabeba nyumba nzima, bosi," akasema. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba betri ilikuwa ya kuwashia gari, iliyobandikwa karatasi yenye picha ya jua. Nilinyamaza. Mimi nilisomea uandishi wa habari, na hesabu ziliniishia kidato cha nne. Ningemrudia nimwambie nini?

Friji tuliinunua kwa mtu, ya aina inayoweza kutumia volti 12 moja kwa moja. Lakini waya wenye plagi ya nyumbani ndio uliotangulia mkononi, kwa hiyo tukaichomeka kwenye inveta. Watoto wakachomeka chaja zao. Mimi nikachomeka kompyuta. Tukafunga na feni. Siku ya kwanza Mbita, jua likiwaka kama tanuri, nani angeliacha gari peupe watoto waungue? Tukaliegesha kivulini, na paneli ikiwa imekazwa kwa bolti juu ya paa ikabaki kutazama majani ya mwembe.

Turudi usiku ule. Mke wangu, ambaye kwao hakuna nyumba asiyoweza kuingia, alizitia chupa za insulini katika mkebe usiopitisha maji, akaenda kuuelekeza ndani ya chungu cha maji cha mamake, kile tunachokiita dapi. Chungu cha udongo hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Maji yake tuliyapima: nyuzi 21. Si baridi ya friji, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko gari lililofungwa ambalo jua likilipata linakuwa jiko.

Kulipopambazuka tulimpigia daktari wake. Alitutuliza. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, akasema, na ikishafunguliwa kwa kawaida hukaa yapata wiki nne katika joto lisilozidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina. Usiku mmoja katika nyuzi 20 na ushei haujaiua. Cha kuogopa ni jua kali, na cha kuogopa zaidi ni kugandishwa, kwa maana ikiganda hata mara moja basi ni ya kutupwa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2021 watafiti wa Médecins Sans Frontières na wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha uchunguzi uliotokana na hali ya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapa hapa Kenya. Waliiweka insulini wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, nao wakaikuta na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Hiyo ni habari njema kwa nyumba zisizo na friji. Hata hivyo aina ni nyingi, na kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani muulize daktari wake, usiniulize mimi.

Lakini wakati ule wa saa tisa tulikuwa hatujui hata moja kati ya hayo. Tulikaa nje juu ya makreti tukisubiri kuche, na ziwa lilikuwa limejaa taa. Ukiwa mgeni unaweza kuapa kwamba kuna mji kule majini. Ni wavuvi wa omena. Huenda usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wakaziacha taa zielee juu ya maji. Omena hufuata mwanga, nao wavuvi wakazungusha nyavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye kelele na moshi, na mafuta yenyewe yalikula sehemu kubwa ya mapato ya usiku. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua hapo Mbita kituo ambapo wavuvi walikodi taa na betri zilizochajiwa kwa jua. Leo utaziona taa hizo za sola na betri zake kila mahali kandokando ya ziwa.

Asubuhi niliteremka hadi mitumbwi ilipokuwa ikiegeshwa. Vijana walikuwa wakibeba betri mabegani kupeleka kuchajiwa katika kibanda chenye paneli sita juu ya bati. Mwenye kibanda ni mwalimu mstaafu. Nilimweleza shida yangu yote, toka duka la Nairobi hadi mwembe.

"Omera," akaniambia, "wewe umenunua dawa kabla ya kupimwa."

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?"

"Una daftari?"

Kwa mwandishi hilo halikuwa tatizo. Tukakaa chini ya paneli zake tukafanya hesabu ambayo ningalipaswa kuifanya kabla ya kutoa hata shilingi moja, nami nakuomba uifanye kabla ya kuingia duka lolote. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Zidisha wati kwa saa kinazofanya kazi kwa siku, upate wati-saa. Friji yetu hula wati 45 ikinguruma, na katika joto la ziwa hunguruma jumla ya saa 10 hivi katika kila 24. Hiyo ni wati-saa 450. Taa mbili ndogo, 40. Simu nne, 60. Feni ya wati 15 kwa saa 8 za usiku, 120. Kompyuta yangu, saa mbili, 100. Jumla ni 770.

"Na hii?" akauliza, akigonga neno inveta kwa kalamu. Nikasema hiyo si mlaji, ni mpishi tu. Akacheka. Mpishi naye hula, akasema. Inveta kubwa kama ile, hata ikiwa haiendeshi kitu, hujilia wati 10 mchana na usiku. Mara 24, wati-saa 240, zaidi ya taa na simu na kompyuta zote pamoja. Na friji yenyewe haikuihitaji.

Kisha betri. Ampea-saa 70 mara volti 12 ni wati-saa 840 kwenye karatasi, lakini betri ya asidi usiinywe zaidi ya nusu. Kwa hiyo tulikuwa na 420 za kutumia dhidi ya mahitaji ya zaidi ya 1000. Nayo paneli ya wati 100, hata ingekaa juani siku nzima, katika sehemu zetu hizi ungetegemea iwe kama ya saa tano za jua kamili, ukiondoa kinachopotea kwa joto na vumbi na waya, labda wati-saa 350. Kivulini ilikuwa haileti lolote la maana. "Hata nashangaa ilifika saa tisa," Mwalimu akasema.

Suala hili la nusu lilinikumbusha baba. Miaka ya 90, nikiwa mtoto, tulikuwa na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Kila Jumamosi betri ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa, kilomita tisa, na sisi tukiifuata kama maiti ya mkubwa. Tuliitazama mpaka picha ikaanza kujikunja, ikawa ndogo kama sahani, ikazima. Kila wiki hivyo. Mwaka haukuisha betri ikafa, na baba akaenda kwa miaka akiamini kwamba mchajishaji ndiye aliyeiharibu kwa kutilia asidi mbovu. Masikini mtu yule hakuwa na kosa. Betri ya asidi ikiachwa tupu, ndani yake huota ukoko ambao chaji haiwezi kuuondoa wote. Na ile ya kuwashia gari ndiyo dhaifu kuliko zote kwa kazi hiyo, kwa kuwa imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, kisha ijazwe papo hapo.

Siku zilizobaki tulizimudu kwa njia rahisi. Inveta tuliizima. Friji tuliichomeka moja kwa moja kwenye volti 12. Gari likakaa juani, sisi tukakaa chini ya mwembe, jambo ambalo hata mtoto angelifikiria. Mwalimu alinikodisha betri ya pili, nikawa naibadilisha kila baada ya siku moja pamoja na wavuvi, tukisubiri foleni na kusengenya serikali. Alinifungia pia fyuzi karibu na betri, kwa sababu ya dukani haikuwapo kabisa. Waya bila fyuzi ukigusana ndani ya gari walilolala watoto, msomaji, sina haja ya kukumalizia.

Kabla ya safari ya pili, ya Aprili mwaka uliofuata, nilikuwa nimegeuka mchunguzi. Jirani yetu Nairobi alisisitiza jenereta. Akaniazima yake ndogo ya petroli nikaijaribu Jumamosi moja katika maegesho. Inazalisha kweli, ingeendesha hata pasi. Lakini kelele zake zilimtoa mlinzi wa lango la tatu. Na jambo lililonifanya niirudishe siku hiyo hiyo ni kwamba ilipoanza kunyesha, mwanangu wa kiume aliikimbilia na kuanza kuivuta ili aiingize garini isilowe, huku ikiwaka. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini bila ya yeye kujua kwamba anakufa. Ukiitumia, ikae nje, mbali na madirisha, hata kwa mvua. Mimi niliwaza jinsi mvua za magharibi zinavyokuja na usiku wa manane, nikasema hapana.

Kuna friji zinazotumia gesi ya mtungi. Hazina kelele, ila hutaka gari lisimame sawasawa kama meza, na tena ni moto unaowaka mahali mlipolala. Nilipita. Kuna pia masanduku ya stima, yenye betri, inveta na matundu ya chaja vyote ndani ya kasha moja la kubeba. Kwa familia inayokwenda Naivasha Ijumaa na kurudi Jumapili, mimi ningewaambia wanunue hilo waachane na haya mengine yote. Kwa wiki tatu huko kwetu niliogopa kitu kimoja: kikiharibika kidude kimoja ndani, umepoteza chote, na fundi wa Sori au Muhuru Bay hana cha kukifungulia.

Nilinunua vitu vilivyotengana. Betri ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfati, ya ampea-saa 100. Bei yake ilinitoa jasho. Kwa pesa hizo ningepata za asidi tatu. Lakini hii unaweza kuinywa asilimia 80 bila kuidhuru, yaani wati-saa 1000 hivi, na kwa matumizi ya kawaida hudumu mara nyingi zaidi ya asidi. Niliiweka nyuma kabisa, kwa maana injini ya matatu hizi iko chini ya viti vya mbele na betri haipendi kukaangwa. Paneli mbili za wati 100 kila moja, na safari hii sikuzikaza juu ya paa. Zina waya wa mita kumi. Gari linakaa kivulini, paneli zinakaa juani, na mtoto mmoja ana kazi ya kuzifuta vumbi asubuhi. Homa Bay iko nusu digrii tu kusini ya ikweta na Migori ni digrii moja, kwa hiyo jua hupita karibu na utosini mwaka mzima. Unazilaza chini karibu tambarare bila kuhangaika na pembe.

Cha tatu ndicho ambacho hakuna muuzaji aliyenitajia hata mmoja. Gari linapotembea, altaneta yake inazalisha stima. Kuna chaja ndogo inayochukua sehemu ya stima hiyo na kuipeleka betri ya nyuma, bila kuigusa ile ya kuwashia injini. Yangu ni ya ampea 20, sawa na wati 250 hivi. Saa mbili za barabarani ni wati-saa 500, ziwe za jua au za mvua.

Tulipita Narok, Sotik, Kisii na Rongo tukashukia Migori, na mvua ikatupokea Nyatike. Siku tatu! Maeneo yetu yana mto Kuja, na kwenye mto huo kuna kituo cha Gogo, cha megawati 2, kinachozalisha stima tangu miaka ya 1950. Kinapeleka kwenye mtandao wa taifa kama vituo vingine vyote, kwa hiyo kuwa jirani yake hakukusaidii chochote waya zikikatika. Nazo zilikatika jioni ya kwanza.

Hapo ndipo hesabu ya Mwalimu ilipopata pengo. Tuliandika friji, taa, simu zetu nne. Hatukuandika wageni. Kwenye giza la kijiji chote, gari letu lilikuwa linang'aa kama duka. Kufika saa mbili usiku kulikuwa na simu 11 juu ya meza yetu, kila moja na mwenyewe au mjumbe wake ameketi hapo akisubiri. Ungewaambia nini? Huyu ni shangazi, huyu ndiye aliyechimba kaburi la babu, huyu ni mwalimu wa chekechea ambaye mtoto wake yuko hospitalini Migori na anangoja habari. Simu 11 ni kama wati-saa 165, na kesho yake zilirudi na wenzake. Nimesoma vitabu vya Wazungu kuhusu kusafiri kwa magari ya kulala. Hakuna hata kimoja chenye mstari wa majirani. Wewe uandike. Mimi sasa naandika 200 kila siku, na nikiwa msibani naandika 400.

Siku ya tatu asubuhi betri ilisoma asilimia 22. Paneli zilikuwa zimeleta za kubahatisha tu. Niliwasha gari nikaenda Migori mjini kununua unga na dawa, nikarudi, zaidi ya saa mbili za kwenda na kurudi, na ilikuwa imefika 60. Mafuta niliyoyachoma ningeyachoma tu kwa ajili ya unga.

Baadaye jua lilitoka. Tuliwapeleka watoto Thimlich Ohinga wakaone kuta za mawe zilizojengwa bila saruji tangu karne ya 16, zilizoingizwa mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Usiku mmoja tulilala katika mbuga ya Ruma, makao ya korongo wa mwisho wanaoishi porini nchini Kenya. Tulimwona mmoja, kwa mbali, masikio yake marefu kama ya punda. Mbung'o tuliwaona wengi na kwa karibu; wanapenda rangi ya samawati na nyeusi, na shati langu lilikuwa la samawati. Kwa sababu yao madirisha yalifungwa na feni ikazunguka toka magharibi hadi asubuhi. Nilifurahi kwamba hatukuwa na jenereta, maana usiku wa Ruma fisi akilia unamsikia toka alipoanzia.

Kisha Mbita, nje ya ua, pale pale penye mwembe. Jioni ya kwanza mama mkwe alimtuma mjukuu wake na sinia iliyofunikwa. Yeye hazungumzi nami ana kwa ana akiwa na ombi, humpitishia mtoto.

"Dani anasema, mwambie babako anihifadhie hawa hadi kesho, wa wageni wa kanisani."

Nilifunua. Ngege wawili wakubwa, wametoka ziwani saa ile, wana joto la mchana mzima. Samaki wa joto akiingia kwenye friji ndogo, mashine hainyamazi mpaka awe baridi, na kila kilichomo hupanda joto pamoja naye. Nilimtazama mke wangu. Hakubishana. Alizitoa chupa za insulini, akazitia katika ule mkebe wake wa mwaka jana, akachukua tochi akaelekea kwenye dapi ya mamake.

Nikawafunga ngege katika mifuko miwili, nikawalaza. Kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 15. Betri ilikuwa asilimia 71. Saa nne ilisoma 63 na friji nyuzi 11. Kule ziwani taa za omena zilikuwa zimekwisha kutandazwa. Saa saba kasorobo ilikuwa 52 na nyuzi 6, mashine ikapumzika kwa mara ya kwanza, na mke wangu akaenda kuzichukua chupa.